Kisima Kilichosafishwa kwa Ajili Yetu

Harufu ilitupokea kabla ya mwenyekiti wa kijiji. Tulikuwa hata hatujaliona ghala. Gari lilikuwa bado linapita kwenye mbuga nyeusi za pamba kati ya Bariadi na Maswa, vioo viko chini kwa sababu ya joto, na ghafla kitu kikanikamata kooni, kitamu kidogo na kikali, kama vitunguu vilivyoozea ndani ya mafuta ya taa. Dereva alicheka aliponiona nimejiziba pua kwa upindo wa kitenge.

"Dada, hiyo ndiyo harufu ya pamba," akasema.

Nikamwambia pamba haina harufu. Kinachonuka hivyo ni dawa ya pamba, na hainuki hivyo mpaka iwe imemwagika.

Nilikuwa fundi wa maabara ya maji. Kazi yenyewe, ukiliondoa lile koti jeupe, ni kuchota uchafu wa watu na kuutia kwenye chupa safi. Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utoto. Sinywi kwenye kikombe alichonywea mtu, nzi akitua kwenye sahani yangu basi nimeshiba, na mtu akivuta kamasi mezani nainuka naondoka. Wajomba zangu, Wasukuma wa upande wa Mwanza, walinitania kwamba nilistahili kuolewa na sabuni. Niliichagua maabara nikidhani ni mahali pasafi. Kufikia mwaka ninaousimulia nilikuwa nimeshachota maji yenye mizoga ya panya, maji ya visima vilivyochimbwa hatua tano kutoka chooni, na maji ambayo mwenye nyumba alinihakikishia ni matamu huku funza wakichezacheza ndani ya ndoo. Nilikuwa nimekomaa, au ndivyo nilivyojidanganya.

Miaka hiyo Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Mkoa ulikuwa bado Shinyanga. Soko huria lilikuwa limeingia kwenye pamba. Wanunuzi binafsi walikuwa wanapita vijijini na malori yao, vyama vya ushirika vinakufa kimoja baada ya kingine, na maghala ya vyama yakabaki na kufuli zenye kutu mlangoni na dawa za kunyunyizia mashamba ndani yake, dawa ambazo hakuna aliyejua tena ni mali ya nani. Mfanyabiashara mmoja alitaka kulinunua ghala la kijiji hicho alifanye kituo cha kununulia pamba. Mtu fulani wilayani, sijui nani, akasema mapipa yamepasuka pale, na kwamba kabla ya kuuza lazima udongo na maji ya chini ya ardhi vipimwe. Tukatumwa sisi watatu: afisa wangu, ambaye alisomea mambo ya miamba na maji ya ardhini, dereva, na mimi wa chupa. Ofisi haikuwa na mafuta ya gari. Mafuta alitoa yule mfanyabiashara. Nilijua hilo tangu asubuhi, na nikapanda gari.

Mwenyekiti alitusubiri mbele ya ghala, amevaa koti la suti lililomzidi mabega. Nyuma yake uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka mistari ya mafagio inaonekana. Mawe ya njiani yamepakwa chokaa. Na kutoka mlango wa ghala hadi barabarani pamemwagwa mchanga wa mtoni, mweupe, mpya kabisa, kama tunakuja kufunga ndoa.

"Huu mchanga umetoka wapi?" afisa akauliza.

"Tumeuleta kwa mikokoteni ya ng'ombe, mzee. Barua ilisema mnakuja kukagua udongo na maji. Tukasema haiwezekani wageni wa serikali wakute uchafu. Ule udongo mbaya tumeukwangua wote, tumeutoa."

Alisema kwa fahari, naye hakuwa na kosa. Kwa miaka yote kijiji kile kilikuwa kimefundishwa jambo moja kuhusu ziara za wakubwa: wakubwa wanakuja, mnafagia. Aje mkuu wa wilaya, aje mtu wa chama, aje daktari wa mifugo, mnafagia, mnapaka mawe chokaa, mnaswaga mbuzi mbali. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna wageni wanaokuja kwa ajili ya uchafu wenyewe.

"Huo udongo mmeupeleka wapi?" nikauliza mimi.

"Akina mama wameuchukua, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, alikuwa ananiheshimu. "Ni udongo mzuri ule. Ukisiriba nao nyumba, kunguni hawakai. Wengine wanachanganya kidogo kwenye mahindi ya akiba, fukusi hagusi."

Niliwaza nyumba zile zote tulizozipita, watoto wanatambaa juu ya sakafu iliyosiribwa kwa kitu ambacho mimi nisingekigusa bila glavu mbili. Fukusi hagusi. Fukusi alikuwa na akili kuliko idara nzima niliyoifanyia kazi, maana dawa ile ililetwa na serikali, ikagawiwa na ushirika, kisha wote wawili wakajifuta mikono.

Nilizunguka nyuma ya ghala peke yangu. Huko hakuna aliyefagia. Mapipa yalikuwa yamelala kifudifudi, yamepasuka matumboni, na kilichotoka kilikuwa kimeganda ardhini kama ukoko wa ugali, mweupe pembeni na wa kahawia katikati. Hapakuwa na jani hata moja. Mijusi wawili walikuwa wamekauka juu ya ukoko, na kuku mmoja wa mtu alikuwa anadonoadonoa kando yao. Kutoka hapo ardhi iliteremka taratibu mpaka kwenye ua wa minyaa, na ndani ya ua nikaona nyumba ya nyasi na mdomo wa kisima.

Nikarudi nikamwambia afisa tuchimbe nyuma. Alikwenda mpaka kwenye kona, akachungulia, akatoa leso, akarudi.

"Tutachimba hapa mbele. Mbele panatosha."

"Mbele wamekwangua, mzee. Na wameweka mchanga."

"Kwani ghala si hilohilo?"

Basi tukachimba mbele. Tulikuwa na keekee ndefu ya mkono, ile unayoizungusha kwa nguvu inazama ardhini na kutoka na udongo kwenye meno yake. Dereva alizungusha, mimi nikapokea udongo kwa kijiko cha chuma, nikajaza chupa za mdomo mpana, nikabandika karatasi: mahali, kina, saa, jina la aliyechukua. Kila baada ya shimo nilikiosha kijiko, nikakisuuza kwa maji ya maabara, nikakifuta. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Nikikumbuka usafi ule wa kijiko wakati shimo lenyewe liko mahali pa uongo, naona aibu mpaka leo.

Kisha tukateremka kisimani.

Mwenye kisima alikuwa bibi mmoja mjane, mwembamba, mgongo bado umenyooka. Aliolewa hapo akitokea Shishiyu, na kisima alikichimba marehemu mumewe mwaka wa ukame mkubwa. Macho yake yalikuwa mekundu, mekundu sana, yale macho ya mwanamke aliyepuliza moto wa mavi ya ng'ombe maisha yake yote. Alipiga magoti kidogo kutusalimu.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu," nikaitikia, na Kisukuma changu cha mjini kikaishia hapo karibu chote. Akafurahi hata hivyo. Akanishika mkono, hakumshika afisa, akanipeleka kisimani kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto mchanga.

Nilichungulia. Magogo ya mdomoni yalikuwa yamekwanguliwa mpaka yakawa meupe. Kuta zilikuwa zimesuguliwa. Na maji yalikuwa juu, juu mno, maangavu, wakati ule wa kiangazi ambapo kisima cha namna hiyo hubakiwa na dimbwi la goti chini kabisa.

"Siku tatu," bibi akasema. "Mimi na wake za wanangu. Tumeyatoa maji yote. Nimeshuka mwenyewe kwa kamba, ng'wanone, na umri huu, nikakwangua kuta, nikatoa matope yote. Halafu mwenyekiti akatusaidia mikokoteni, tukaleta maji ya mtoni kwa mapipa tukajaza. Mnywe, mpime, mfanye mnavyotaka. Ni safi."

Ng'wanone maana yake mwanangu. Nilimtazama mikono. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka.

Afisa alikuwa mbali kidogo na mwenyekiti. Bibi akanisogelea, na sauti ikashuka.

"Ndama wa jirani wamekufa watatu. Walikunywa hapa. Na binti yake anaanguka, anatetemeka, povu mdomoni. Wanasema naweka kitu kisimani. Wanasema mimi ni nogi." Hilo sikuhitaji kutafsiriwa, nogi ni mchawi. "Sungusungu wamekuja mara mbili kuniuliza. Sasa ninyi mna mashine. Mtaona hamna kitu nilichoweka. Mtawaambia maji ya bibi ni safi. Si mtawaambia?"

Nilisimama pale na chupa mkononi nikaona jambo zima, na nikaona kwamba yeye halioni. Kama maji yale yana dawa ya ghalani, bibi amepona: ndama wameuawa na mapipa, kila mtu ataelewa. Kama maji hayana kitu, basi ndama wameuawa na kile kisichopimwa kwa chupa, na kila mtu atajua kinakaa nyumba gani. Nilijua, kama anavyojua yeyote aliyekulia Usukuma, mwanamke mzee mwenye macho mekundu hufanywa nini ikifika hapo. Alikuwa ameshuka kisimani kwa kamba, kwa mikono yake mwenyewe, akakwangua na kutupa kitu pekee ambacho kingeweza kumtetea.

Nikamfuata afisa, nikamweleza kwa haraka. Nikamwambia haya si maji ya kisima, ni maji ya mto yaliyohifadhiwa kisimani. Tuyatoe, tusubiri siku mbili tatu chemchemi yenyewe iingie, ndipo tuchukue.

"Fomu inasema kisima," akajibu. "Hiki ni nini?"

"Mzee, tutapima mto Simiyu."

"Tunasubiriwa Bariadi saa saba." Hakusema na nani, mafuta yaliyokuwa kwenye tangi yalikuwa yameshasema. "Tumbukiza chupa, twende."

Nikatii. Ndoo ndogo ya chuma ya kuchotea sampuli, yenye kamba, ilizama na kutoa kamlio kazuri, na bibi akatabasamu. Nilijaza chupa nne za kahawia mpaka mdomoni bila kuacha kiputo, nikazifunga, nikazilaza kwenye sanduku la barafu. Kwenye fomu kuna sehemu ya maelezo ya ziada. Ina mistari mitatu. Ningeweza kuandika maneno matano tu, kwamba kisima kilimwagwa na kujazwa upya. Afisa alikuwa amesimama juu ya bega langu anatazama saa. Nikaiacha ile mistari mitupu, nikatia sahihi.

Bibi hakukubali tuondoke bila kula. Ugali wa mahindi, maziwa mgando, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokaushwa. Afisa alikula vizuri. Mimi nilitazama ugali nikawaza akiba ya mahindi, nikawaza ule udongo ambao fukusi hagusi, nikasema tumbo linanisumbua. Bibi akanifungia matobolwa kwenye karatasi nile njiani. Tulipovuka mto niliyatupa dirishani. Dereva aliniona kwenye kioo.

Majibu yalirudi kutoka Dar es Salaam baada ya wiki nyingi, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza. Udongo: kidogo, chini ya kiwango cha kutia hofu. Maji: hakuna kilichoonekana. Mwenyekiti alikuwa ameomba majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji. Afisa akasema niende mimi, eti kwa sababu najua Kisukuma. Nikamwambia mzee, ile karatasi itamuua mtu. Akasema mimi ni mtu wa maabara, mambo ya uchawi niyaache kwa wanakijiji. Na kama nina wasiwasi na chupa, sahihi iliyoko pale ni ya nani?

Hapo alinipata, na nilimchukia. Lakini kinyaa nilichokuwa nacho kwake kilikuwa kidogo ukilinganisha na nilichokuwa nacho juu ya nafsi yangu. Niliogopa kufukuzwa kazi. Watu walikuwa wanapunguzwa kila ofisi miaka ile, na kila asubuhi tulitazama ubao wa matangazo na roho mkononi. Sisemi hivyo ili nisamehewe. Nasema ili ijulikane nilimpima bibi na mshahara, na mizani ikainamia upande wa mshahara.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ghala, na dereva aliyenipeleka alisimama kando ya gari. Mvua ilikuwa imechukua mchanga mweupe karibu wote, na ile harufu ilikuwa nzito kuliko mara ya kwanza, imelowa, imeamka. Hakuna mwingine aliyeonekana kuisikia. Pua zao zilikuwa zimeshazoea. Kila mwanamume pale alikuwa amepuliza dawa hiyo shambani kwa pampu ya mgongoni, amelala na harufu yake kwenye nguo. Bibi alikaa mbele, amevaa khanga mpya. Nyuma yake wanawake walikuwa wameacha nafasi ya watu watatu au wanne.

Nikasoma. Nilisoma haraka, macho kwenye karatasi. Nilipofika kwenye maji nikasema hakuna sumu iliyoonekana.

Bibi akapiga vigelegele.

Peke yake. Alisimama kabisa, mkono mdomoni, akapiga tena, sauti nyembamba ya kizee, akageuka kuwatazama wenzake ili waitikie. Hakuna aliyeitikia. Nimesikia vigelegele vingi maishani, vya harusi, vya ubatizo, vya mitihani, na sijawahi kusikia vinavyotisha kama vile.

Mzee mmoja akainuka kule nyuma, mtu mpole wa sura, ameegemea fimbo ya kuchungia. Ndiye jirani mwenye ndama.

"Kwa hiyo kwenye maji hakuna dawa?"

"Karatasi inasema hakuna," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Karatasi inasema hivyo."

"Wabeja," akasema. Asante. Kisha akauliza taratibu, hakuniuliza mimi, "Basi ndama wangu wamekufa kwa nini? Na binti yangu anaangushwa na nini?"

Hakuna aliyemtazama bibi. Watu zaidi ya mia walikuwa wanatazama ardhi, fimbo zao, vidole vyao vya miguu, na kutomtazama huko kulikuwa kumoja, kama wimbo wanaoujua wote. Vijana wawili wa sungusungu waliokaa kwenye ukuta wa ghala walitazamana. Hapo ndipo ilikuwa zamu yangu ya kusema. Ningesema kisima kilikuwa kimesafishwa, kosa ni letu, ni langu. Ulimi ulikuwa mdomoni na maneno yalikuwa tayari. Nikaikunja karatasi mara nne, nikaitia mfukoni.

Bibi alikuwa ameondoka. Nilidhani amekimbia, na Mungu anisamehe, nilipumua. Lakini alikuwa ameteremka nyumbani kwake, na sasa alikuwa anapanda tena taratibu, ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili, anatazama chini asije akamwaga. Watu wakampisha. Akaja mpaka mbele yangu, akapiga magoti, akaninyooshea.

"Kunywa, ng'wanone. Umetoka mbali kuniletea habari njema. Haya ndiyo maji yangu."

Harufu ilinifikia kabla kikombe hakijafika kifuani. Mto ulikuwa umeondoka kisimani siku nyingi, umeshatekwa na kunywewa, na chemchemi ilikuwa imerudi, na mvua ilikuwa imeuosha ule ukoko wa nyuma ya ghala ukateremkia wote humo. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba unaometameta.

Ningependa kuandika hapa kwamba niliamua. Watu waliosikia kisa hiki kwa mdomo wa dereva huniambia nilikuwa jasiri, na nimeshawaacha wengi waamini hivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekusudia kumeza. Mkutano mzima ulikuwa unanitazama, karatasi yangu imesema ni safi, na mtaalamu akikataa kunywa maji aliyoyasafisha kwa sahihi yake, kesho yake ofisini ataulizwa. Niliwaza nimeze mara moja, nirudishe kikombe, nipande gari, nikatapike mbele ya safari. Nikapiga moyo konde, nikajaza mdomo.

Koo likakataa. Halikuniuliza. Maji yalirudi yote kwa mdomo na kwa pua, nikayatema juu ya khanga yake mpya na juu ya mikono yake iliyokuwa bado imenyooshwa, nikapiga magoti mbele yake nikaendelea kutapika nisichokuwa nacho tumboni. Nilisikia mtu anasema, "Yesu!"

Mwenyekiti ndiye aliyekuja kwanza. Akachukua kikombe kilichobaki nusu, akakinusa, akarudisha kichwa nyuma. Akampa mzee mwenye ndama. Yule akanusa muda mrefu, amefumba macho.

"Hii ni dawa ya pamba," akasema. "Naijua. Nimeibeba mgongoni miaka yote."

Kikombe kikapita. Kila aliyenusa alikunja uso, kama vile uso wangu ulikuwa umewafungua pua. Minong'ono ikaanza, ikawa makelele, na kwa mara ya kwanza vichwa vikageukia ghala. Mtu akataja mapipa. Mwanamke mmoja akapiga ukelele akamwita mwanawe kwa jina, akakimbia kuelekea nyumbani, nadhani kwenye sakafu yake. Wiki hiyohiyo walikifunga kisima kwa matawi ya miiba, na sungusungu hawakukanyaga tena kwa bibi. Alipona. Hayo niliyasikia baadaye, na nimeyashikilia.

Lakini pale uwanjani yeye hakuwa anasikiliza habari za mapipa. Alikuwa bado amepiga magoti, maji yananidondoka mimi na yanamdondoka yeye, ananitazama usoni kwa yale macho. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi: nilikuwa nimetoka kusema mbele ya kijiji kwamba maji yake ni safi, kisha mbele ya kijiji hichohicho nikayatema. Nilikuwa nimeshuhudia dhidi yake.

Kikombe kilipomrudia akakishika. Nilikiona kinapanda. Nikasema, "Mayu, hapana," lakini koo lilikuwa limechanika, sauti haikutoka, na nilipomfikia mkono alikuwa ameshainua kidevu. Alikunywa yote. Alikunywa taratibu, kama mtu mwenye kiu, bila kukunja uso hata kidogo, kisha akakigeuza kikombe mdomo chini ili watu waone hakuna tone lililobaki.

"Mmeona?" akawaambia. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Walikuwa wanaelekea ghalani. Akanigeukia mimi, mimi peke yangu niliyebaki, akagusa mfuko wangu wenye ile karatasi.

"Andika, ng'wanone. Andika kwamba mwenyewe nimeyanywa."